Kiki Inainua, Haishikilii: Usiku Staa wa Bongo Fleva Alipokwama na Jeki Njia ya Morogoro

Jina linabaki kapuni, lakini ukisikia wimbo wake uliovuma mwaka juzi utaitikia mwenyewe. Ni mwanadada, yupo kwenye gemu ya Bongo Fleva, na ana Harrier nyeusi, ile ambayo mtaani inaitwa tako la nyani. Ukizama kwenye ukurasa wake wa Instagram utaiona hiyo gari kila kona. Kaegemea boneti, kakaa kwenye buti, katoa mguu mmoja mlangoni na kiatu kirefu. Picha zote hizo, hakuna hata moja inayoonesha kilichopo chini ya zulia la buti.

Kingine ambacho hakipo kwenye picha ni baba yake mzazi.

Akiulizwa redioni kuhusu familia, jibu lake lilikuwa moja siku zote: mama ni mama wa nyumbani, mzee ni mfanyabiashara. Si uongo kabisa. Mzee ana biashara. Ana kompresa moja ya upepo, beseni la maji, na rundo la tairi kuukuu chini ya mwarobaini, Manzese. Mzee ni fundi pancha. Anatembea anachechemea, mguu wa kulia, kwa sababu gari ilimwangukia binti yake akiwa darasa la nne.

Tangu mzee atoke hospitali, nyumbani kwao kuna sentensi moja iliyorudiwa kama dua: "Jeki inainua, haishikilii." Ikisemwa wakati wa kula, ikisemwa mbele ya wageni, ikisemwa hata pasipokuwa na gari. Binti akakua akiichukia. Alipoanza kupata hela aliamini ameshaiacha kule kule Manzese pamoja na harufu ya mpira uliochomwa.

Kumbe bado.

SAA SABA NA NUSU USIKU

Ilikuwa Jumamosi, wanarudi Dar kutoka kwenye shoo Morogoro mjini. Ndani ya gari walikuwa wanne: staa mwenyewe, meneja wake ambaye ndiye anaendesha, na madansa wawili, dada mmoja aliyekuwa amelala fofofo na dogo mmoja wa miaka kama ishirini. Chalinze wameshaipita, wanaitafuta Mlandizi. Wanaoijua njia ile wanajua usiku ni ya malori. Yanayokwenda Zambia, yanayotoka Kongo, moja likipita hata gari kubwa inatikisika kama banda la mabati.

Ghafla usukani ukaanza kuvuta kushoto. Ukasikika mlio chini: pap, pap, pap. Tairi ya mbele kushoto imekwisha upepo.

Meneja ni mtu wa mjini, na mtu wa mjini hakosi jibu. "Dakika kumi tu," akasema. Akaiingiza gari pembeni, nusu kwenye mchanga, mahali palipoinama kidogo. Akaweka gia kwenye P, akashuka. Hakuvuta hendibreki. Hakuweka kitu nyuma ya gari kuwaonya wenye malori, kwa sababu pembetatu za kuakisi zilikuwa zimebaki kwa rafiki yake tangu siku alipoziazima kukwepa faini ya trafiki. Hakuzuia tairi yoyote kwa jiwe. Na yule dada aliyelala, akaachwa humo humo ndani.

Jeki ilikuwepo, ile ya mkasi iliyokuja na gari kutoka Japani, bado mpya kwa sababu haijawahi kuguswa. Akaichomeka chini ya mlango, akazungusha mpaka tairi ikaacha ardhi. Ndipo akakumbuka nati. Sasa hapo ndipo kosa lenyewe lilipo: tairi ikiwa hewani, ukizungusha spana na tairi inazunguka nayo. Akamwambia dogo aishike tairi. Nati hazikutoka. Akapanda juu ya spana, akaanza kurukaruka.

Dogo akaona bora alale chini amulike na simu, aone jeki imekaaje.

Staa alikuwa amesimama hatua tano, amevaa ndala, anajirekodi. Alishaandaa na maneno ya kuweka juu ya video, kitu kama "hasla hazilali". Kupitia kwenye kioo cha simu akaona jeki inaegama. Si sana. Kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Akajikuta amepiga kelele kwa sauti ambayo haitumii hata jukwaani:

"Toka chini! Toka!"

Dogo akajivuta. Gari ikasogea mbele kidogo, ikashuka. Chanzo kilichokuwepo pale kinasema mlio wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa mlio wa kitu kizito kinachokaa mahali pake, basi. Kofia ya dogo ilibaki chini. Pale ilipokuwa kofia, sekunde mbili nyuma palikuwa na kichwa.

Harrier ile ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Hakuna aliyesema neno. Yule dada ndani ya gari aliamka akauliza kama wamefika.

SIMU KWA MFANYABIASHARA

Meneja akataka kurudia. Akaivuta jeki kutoka kwenye mchanga, akaifuta na fulana. Staa akamwambia aiweke chini. Akatafuta namba ambayo kwa miezi minne alikuwa anaitumia kutuma pesa tu, hapigi. Ikaita mara mbili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Upo salama?"

"Nipo salama. Tumepata pancha. Gari imeanguka kwenye jeki."

Kimya kidogo. Halafu mzee akauliza maswali, moja baada ya jingine, kama daktari.

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Ndani ya gari kuna mtu?"

"Yupo mmoja."

"Atoke. Wote mkae mbali na lami, upande wa porini. Gari imesimama kwenye ardhi ngumu au mchanga?"

"Mchanga."

"Pana mteremko?"

"Kidogo."

"Hendibreki?"

Staa akamtazama meneja. Meneja akatazama barabara.

"Haikuvutwa, baba."

"Basi haikuanguka," mzee akasema. "Mmeiangusha."

Akaomba awekwe laudi spika. Kwa utaratibu, bila ukali, akaeleza kitu ambacho madereva wengi wa mjini hawakijui. Kwenye gari inayovuta mbele, ukiweka P umefunga giaboksi, na giaboksi inashika tairi za mbele tu. Lakini tairi zile mbili zimeunganishwa na diferenshio, kazi yake ni kuruhusu moja izunguke tofauti na mwenzake. Ukishainua moja hewani, ile iliyobaki chini haina tena wa kuizuia. Moja inazunguka mbele, nyingine nyuma, gari inaondoka. Hendibreki ndiyo inayoshika tairi za nyuma. Kwa hiyo unaweka P, unavuta hendibreki, na bado unaweka kigingi kwenye tairi ya kona ya pili. Unainua mbele kushoto? Zuia nyuma kulia, mbele yake na nyuma yake.

"Vitu vitatu," mzee akasema. "Kimoja kikikusaliti, viwili vinabaki."

MZEE WA LORI

Wakati wanasikiliza, lori likapunguza mwendo likasimama mbele yao. Akashuka dereva, mzee wa makamo amejifunga msuli, na tandiboi wake. Hakuuliza wao ni nani. Kitu cha kwanza alimtuma kijana akate matawi, ayapange nyuma ya gari, la kwanza mbali kabisa, ili dereva anayekuja aanze kupunguza mwendo mapema. "Mkimaliza muyaokote," akasema. "Msimuachie mwenzenu ajali."

Akaleta jeki yake ya chupa, nene kama mtungi mdogo, ya tani ishirini. Meneja akafurahi. Haikuingia. Gari ikiisha upepo inakaa chini, na jeki ya lori hata ikiwa imefungwa yote ni ndefu kuliko nafasi iliyopo. Mzee wa lori akacheka: kwenye jeki, kubwa si lazima iwe ndiyo sahihi.

Lakini alikuwa na vitu viwili vilivyookoa usiku ule: kipande cha ubao mnene na magogo mawili yaliyochongwa kabari. Vitu vya bure kabisa, wala haviuzwi dukani.

Simu bado ipo hewani. "Habari za usiku, mzee mwenzangu," ikasema ile sauti ya Manzese. "Njema, fundi," akajibu wa lori. Yaani alimjua ni fundi kwa maneno mawili tu. Binti yake alikaa miaka akimficha, mtu baki amemtambua usiku kwenye simu.

Kuanzia hapo kazi ikaenda kwa mpangilio. Kwanza, kuhama. Mbele kama hatua thelathini kulikuwa na njia ya kuingilia kijijini, udongo umeshindiliwa, pametulia. Meneja akaisogeza gari polepole kama mgonjwa. Tairi ilikuwa imeshakufa, mita chache hazikuongeza hasara yoyote.

Pili, kuikagua jeki. "Ifungue yote, kisha ifunge," mzee akaagiza. "Inazunguka bila kukwama? Ile skrubu yake ndefu imenyooka?" Ilikuwa imenyooka. Ingekuwa imepinda, safari ingeishia pale mpaka asubuhi, kwa sababu jeki iliyopinda hairudi kazini.

Tatu, hendibreki na kabari.

Nne, nati. Tairi ikiwa bado chini inabeba uzito, legeza kila nati nusu mzunguko tu, usiitoe. Spana ni namba 21, kama Toyota nyingi. Unaikandamiza kwa uzito wa mwili, hurukiruki.

Ilipofika zamu ya kutafuta mahali pa kuweka jeki, mzee akasema, "Nani yupo karibu?" Dogo alikuwa bado anatetemeka. Meneja kanyamaza. Staa akapiga magoti.

"Nyuma ya tairi ya mbele, chini ya mlango, kuna ukingo wa bati. Upapase."

Akapapasa, na zile kucha za bandia.

"Utakuta vikato viwili vidogo."

"Nimevipata."

"Katikati yake ndipo pana chuma kilichoongezwa nguvu. Jeki inakaa hapo tu. Ukiweka pengine popote, utatoboa bati au itateleza. Chini ya jeki weka ubao."

Akauweka ubao. Jeki ikasimama wima, kichwa chake kikaingia sawasawa kwenye ukingo. Akazungusha mwenyewe, taratibu. Tairi ya akiba, ile nyembamba, ikalazwa chini ya ubavu wa gari, karibu na jeki. Meneja akauliza ya nini. Mzee akamjibu kwa swali: "Jeki ikikukimbia, unataka gari ikae juu ya nini? Juu ya tairi au juu ya mguu wa mtu?"

Hiyo ndiyo sentensi ya Manzese kwa vitendo. Jeki inainua. Cha kushikilia lazima ukiweke wewe.

Gari ikapanda. Tairi mbovu ikatolewa, ikalala chini ya ubavu kuchukua nafasi ya ile ya akiba, na ya akiba ikavaa. Hakuna mtu aliyepitisha hata mkono chini. Nati zikarudi kwa vidole, upande uliochongoka ukitazama ndani, halafu zikabanwa kidogo kwa kuruka, moja juu, nyingine upande wa pili, kama unachora nyota, ili tairi ikae sawa. Gari ikashushwa. Ndipo zikakazwa za mwisho, kwa mpango ule ule wa nyota.

"Mwendo?" mzee akauliza kama mwalimu.

"Themanini, usizidi," binti akajibu. Kumbe alikuwa anakumbuka yote. Zile tairi nyembamba za akiba zimeandikwa ubavuni kabisa: kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni mwingi, psi 60, karibu mara mbili ya tairi ya kawaida.

"Kibaha simama, kaza tena nati. Zikishakaa huwa zinalegea."

Matawi yakaokotwa. Mzee wa lori akagoma kupokea hela. "Msalimie fundi," akasema, akapanda lori lake.

"HII NI KIKI TOSHA"

Jumapili mchana meneja alikuwa ameshaamka na wazo. Kwenye simu ya staa kulikuwa na video ya sekunde tisa: giza, spana, jeki inaegama, kelele, gari inashuka. Wimbo mpya ulikuwa utoke wiki mbili mbele na bado haujasikika popote. "Tuiposti. Staa anusurika kifo. Hii ni kiki tosha, blogu zote zitaibeba."

Na ni kweli zingeibeba. Kila mtu mjini anajua hesabu hiyo.

Staa hakujibu. Jumatatu asubuhi aliamka, akafunga khanga juu ya suruali, akaendesha kwa themanini kamili mpaka Manzese. Alipaki pembeni ya mwarobaini. Vijana wa kijiweni wakaanza kunong'ona. Baba yake akaangalia tairi kwanza, akamwangalia yeye baadaye. Akatoa msumari wa nchi tatu, akamwekea kiganjani.

"Huu ndio uliotaka kumuua mtoto wa watu?"

"Hapana," binti akasema. "Ni haraka."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akamwonesha banda lake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya alipokuwa mdogo. Kuna jeki ya mkasi, nyepesi, ya kubadilishia tairi barabarani na si zaidi. Kuna ya chupa, yenye mafuta ndani: unasukuma pistoni nyembamba, mafuta yanasukuma pistoni nene, nguvu inaongezeka. Ndiyo ile fizikia ya Pascal ambayo wengi waliikariri sekondari ili wafaulu mtihani. Lakini sili yake ikichoka mafuta yanavuja, na gari inashuka polepole bila kupiga hodi. Kuna ya magurudumu, ya gereji, nzuri sana kwenye sakafu ya saruji na haifai kitu kwenye mchanga. Kila moja imeandikwa uzito inaobeba, na hayo maandishi si mapambo.

Halafu kwenye kona, zimepakwa rangi nyekundu, stendi mbili za chuma. Miguu minne kila moja, na pini ya kufungia kimo unachotaka. Hazina mafuta, hazina skrubu ya kuzunguka, haziinui chochote. Unainua kwa jeki, unaziweka mahali pagumu pa chini ya gari, unaishusha gari ikae juu yake. Ndipo mtu anaweza kuingia chini.

"Siku ile zilikuwa wapi?" binti akauliza.

Mzee akanyoosha kidole pale pale kwenye kona.

"Hapo hapo. Hatua nne. Mteja alikuwa na haraka, nami nilikuwa naingia chini mara moja tu, kuangalia bolti moja."

Hatua nne. Mguu wa mtu ulikwenda kwa sababu ya hatua nne. Binti alikuwa amekua akidhani baba yake alipata bahati mbaya, na ile sentensi ilikuwa kero ya mzee aliyeumia. Kumbe mzee alikuwa anakiri. Miaka yote anakiri mbele ya wageni na watoto, ili asiwepo mwingine.

Wakakaa kimya. Kwenye msumari wa mti ilikuwa inaning'inia redio ndogo, imefungwa kwa mpira wa tairi. Mzee akaitazama, akasema bila hasira:

"Huwa nakusikia mle. Mfanyabiashara. Ni kweli, nafanya biashara."

Yule mwanadada ambaye mnamwona anacheka kwenye kila picha, alilia pale kijiweni mbele ya vijana wa bodaboda. Na hakuna hata mmoja aliyetoa simu.

Kuhusu ile video alimuuliza baba yake aifute. Mzee akakataa. "Usiifute, wala usiitangaze. Siku ukiona una haraka sana, iangalie."

BUTI LAKO LINA NINI?

Aliondoka na tairi iliyozibwa na buti lililopangwa upya. Alivyowekewa na mzee ni hivi, na hakuna cha ajabu hata kimoja:

Jeki iliyojaribiwa nyumbani mchana, siyo inayofunguliwa kwa mara ya kwanza usiku porini.

Spana ya nati inayoingia sawasawa, na kipande cha bomba la kurefushia mpini kwa ajili ya nati ngumu, kwa kulegeza tu. Kwenye kukaza ukitumia bomba utakata bolti.

Ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, na kabari mbili za mbao.

Pembetatu mbili za kuakisi. Zako. Usiziazimishe.

Tochi ya kuvaa kichwani, mikono ibaki huru, na glavu. Fulana ya kuakisi kama unayo.

Tairi ya akiba yenye upepo. Pima kila unapopima zile nne. Wengi wanaibeba miaka miwili, siku ya siku nayo ni chapati.

Na la mwisho halikai kwenye buti: kama mahali si salama, ni kwenye kona, ni kwenye daraja, malori yanakupitia sikioni, usiinue gari kabisa. Isogeze taratibu hata kama rimu itaharibika. Rimu inauzwa.

Stendi hakuweka kwenye buti la binti yake. Alisema za barabarani ni jeki na tairi ya akiba chini ya ubavu, halafu unaondoka. Anayetaka kuingia chini ya gari ampelekee fundi.

KIKI NA JEKI

Wimbo mpya ulitoka bila video ya ajali. Haukuvuma kama ule wa mwaka juzi. Meneja alinuna wiki nzima, na inasemekana bado anaamini walipoteza nafasi ya dhahabu. Labda ni kweli. Kiki ingemnyanyua yule dada, tena juu sana, kwa siku tatu nne. Lakini waliopo mjini wameona wangapi walionyanyuliwa hivyo, chini yao hakuna stendi, hakuna ubao, hakuna hata tairi ya akiba ya mtu wa kumpigia simu saa saba usiku.

Yule dogo dansa bado yupo kwenye timu. Kofia yake ilitolewa chini ya gari ikiwa imebonyea, na anaivaa hivyo hivyo.

Na mwezi uliopita, kwenye mahojiano, mtangazaji akauliza lile swali la kila siku: wazazi wanafanya nini? Staa akasogea kwenye maiki.

"Mama yupo nyumbani. Baba yangu ni fundi pancha, Manzese. Alinifundisha kitu kimoja: jeki inainua, haishikilii."

Mtangazaji akacheka sana, akapiga meza. Alidhani ni kionjo cha wimbo mpya.

Manzese, chini ya mwarobaini, mteja mmoja alikuwa anaharakisha, tairi yake haijaisha. Mzee akamwambia asubiri kidogo, akaenda kuongeza sauti ya redio.

Haya wadau, semeni ukweli hapo chini kwenye komenti: jeki yako ipo wapi sasa hivi, na mara ya mwisho umeizungusha lini?